Swapu kwenye Dell OptiPlex 7010 yenye RAM ya GB 4: tathmini ya mwenye steshenari

Watu wanauliza kama kompyuta ikiwa nzito waizime swapu, yaani ile nafasi, kwa kawaida kwenye diski, ambako kompyuta inahamishia vitu visivyotumika kwa sasa kutoka kwenye RAM (kumbukumbu yake ya kazi). Nianze na jibu kabisa, maana anayeuliza swali hili mara nyingi ana kompyuta iliyoganda mbele yake: usiizime. Kwenye kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 4 au GB 8 na diski ya SSD, swapu inasaidia, tena sana. Kwenye hadi diski (hard disk) ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, inaumiza, lakini kuizima kunaumiza zaidi. Na kama unatumia Linux, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, ipo swapu ya aina nyingine inayoitwa zram, ambayo kwangu ndiyo iliyolipatia duka pumzi. Hapa chini naeleza nimetumia mashine gani na kwa kazi gani, ili kila mtu apime kwa mazingira yake.

Nina steshenari Morogoro, jirani na chuo. Kazi zetu ni zile mnazozijua: kuchapa, kuprinti, fotokopi, kuskani vyeti, kujaza maombi ya ajira na ya mkopo wa elimu ya juu, kutengeneza kadi za michango na za harusi. Wateja hawaji na flashi kama zamani. Wanatuma kazi kwa WhatsApp au kwa barua pepe, kwa hiyo WhatsApp ya kwenye brauza inakuwa wazi toka asubuhi mpaka tunafunga. Pembeni yake kuna ukurasa wa maombi, barua pepe ya mteja, PDF ya vyeti, na kwenye LibreOffice kuna tasnifu ya mwanafunzi yenye kurasa zaidi ya mia moja na picha za mashamba ya mahindi humo ndani. Vyote hivi vinatakiwa kwa wakati mmoja, kwa sababu mteja amesimama anasubiri namba ya kumbukumbu ichukuliwe kwenye barua pepe iingizwe kwenye fomu.

Mashine zenyewe ni Dell OptiPlex 7010 tatu, za mtumba kutoka Ulaya. Modeli hii ilitoka 2012. Zangu zina prosesa ya Core i5-3470 yenye viini vinne, RAM ni ya DDR3, zina nafasi nne za kuchomeka RAM na zinakubali hadi GB 32. Nilizinunua kila moja ikiwa na GB 4 na hadi diski ya GB 500. Ni mashine imara na sina neno nazo. Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haipokei rasmi prosesa za kizazi cha tatu kama hizi zangu, nilihamisha mashine mbili kwenye Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux. Ya tatu nimeiacha na Windows kwa sababu ya CorelDRAW, programu tunayochorea kadi.

Hapo ndipo habari ya swapu ilipoanza. Kijana anayenisaidia ufundi alifungua ile mashine ya kwanza msimu wa maombi, taa ya diski inawaka bila kuzima, akaniambia, "Mama, hii swapu ndiyo inayokula mashine. Tuizime tu, itakuwa nyepesi." Nikamuuliza, "Mdogo wangu, ukiizima, vile vitu vilivyomo vinakwenda wapi?" Akasema vitabaki kwenye RAM. Na RAM imejaa. Nilimpenda kwa kujibu kwa uwazi, lakini jibu lake lilinionyesha kwamba ushauri huu unapita mdomo kwa mdomo bila mtu kusimama na kuuliza kinachotokea ndani.

Kinachotokea ni hiki. Mfumo endeshi unaigawa RAM vipande vidogo vya KB 4. GB 4 ni zaidi ya vipande milioni moja. Vipande hivyo viko vya namna mbili. Kuna vilivyotoka kwenye faili: programu yenyewe ya brauza, programu ya LibreOffice, fonti, picha uliyofungua na hujaigusa. Hivi vina asili yake kwenye diski, kwa hiyo keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikihitaji nafasi inavitupa na ikivihitaji tena inavisoma upya. Kisha kuna vile ambavyo havina asili popote: maneno ambayo mteja ameshajaza kwenye fomu lakini hayajatumwa, hali ya ukurasa wa brauza, aya uliyochapa na hujaihifadhi. Ni tofauti ya kitabu cha dukani na barua aliyoiandika mteja kwa mkono: kitabu utakirudisha rafuni na kukichukua tena, barua ukiitupa imepotea.

Swapu ni mahali pa kuweka hizo barua. Ukiiondoa, vile vipande visivyo na asili vinabaki vimeng'ang'ania RAM hata kama ni vya ukurasa ambao hakuna aliyeuangalia toka asubuhi. Keneli inabaki na uwezo wa kutupa vya aina ya kwanza peke yake. Na vya aina ya kwanza ni pamoja na programu inayoendeshwa sasa hivi. Basi inatupa sehemu ya brauza, sekunde hiyohiyo inaihitaji, inaisoma tena kutoka kwenye diski, inatupa sehemu nyingine ili ipate nafasi, inaihitaji na hiyo pia. Taa ya diski inawaka moja kwa moja, kishale cha mausi kinaruka mara moja kila baada ya muda mrefu, na hakuna swapu hata chembe. Wanaoilaumu swapu kwa kuganda kwa mashine wangeliona hili kwa macho yao wangebadili maneno.

Mimi nimeliona. Nililijaribu jioni, duka limefungwa, hakuna kazi ya mtu kwenye mashine. Nilizima swapu kwa amri ya sudo swapoff -a, nikafungua zile kazi za kawaida za mchana: WhatsApp, barua pepe, kurasa kadhaa za maombi, tasnifu, PDF. Mpaka RAM inakaribia kujaa, mashine ilikuwa nyepesi kweli, na hapa ndipo ushauri wa kuzima unapopata mashabiki. Nilipoongeza ukurasa mwingine wenye video, kila kitu kilisimama. Saa iliyo kwenye kona ya skrini ikaacha kusogea. Baada ya kusubiri sana, brauza yote ikatoweka, bila onyo wala ujumbe. Hiyo ni kazi ya kitu kinachoitwa OOM killer, sehemu ya keneli inayochagua programu ya kuua RAM inapoisha kabisa. Inachagua zaidi kwa kuangalia nani anakula kumbukumbu nyingi, na dukani kwetu anayekula nyingi ni brauza, yaani palepale ilipo fomu ya mteja. Fikiria hilo linatokea siku ya mwisho ya kupokea maombi, mteja amepanda daladala kutoka Mikese na amebakiwa na nauli ya kurudia tu.

Kwa hiyo kuzima hapana. Sasa swapu iliyo kwenye hadi diski.

Hapa wanaolalamika wana haki kiasi. Hadi diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Ukitaka kipande fulani unasubiri kwa wastani nusu mzunguko, na kabla ya hapo mkono wa kusomea umetumia milisekunde nyingine nane hivi kusogea. Jumla ni kama milisekunde 12, ambazo zinatoa safari kama 80 kwa sekunde. RAM inajibu kwa kadiri ya nanosekunde 100, kwa hiyo tofauti ni zaidi ya mara laki moja. Keneli ya Linux inajaribu kupunguza maumivu kwa kuchota vipande vinane kila safari badala ya kimoja, lakini hata hivyo unapata kama MB 2.6 kwa sekunde. Mteja akisema "fungua ile tasnifu niliyokuachia asubuhi" na MB 300 zake ziko kwenye swapu, hesabu inakwambia utasubiri kama dakika mbili. Na ndivyo ilivyokuwa. Unabonyeza dirisha, linakuja jeupe, herufi zinajitokeza kidogokidogo, mteja anaanza kuangalia duka la jirani.

Hata hivyo fomu ya mtu haikupotea. Mashine ilikuwa nzito, lakini ilimaliza kazi. Kwangu uzito unaoisha ni afadhali kuliko wepesi unaokatika katikati ya kazi, na kama hali yako hairuhusu kununua chochote, bakia na swapu yako kwenye hadi diski na ujifunze kufunga kurasa usizozitumia.

Baadaye nilinunua SSD mbili za SATA za GB 240, kila moja kama elfu sitini na tano Kariakoo, na huu ndio ununuzi ninaousifu kuliko wote kwenye habari hii. SSD haina kinachozunguka. Kipande kinasomwa kwa kadiri ya sehemu ya kumi ya milisekunde, yaani karibu mara mia haraka kuliko hadi diski. Swapu ileile, ukubwa uleule, kazi zilezile, na sasa dirisha lililolala toka asubuhi linaamka kwa kusitasita kidogo halafu basi. Kijana wangu aliporudi alidhani nimeongeza RAM. RAM ilikuwa bado GB 4.

Najua kitakachoulizwa: SSD haitachakaa kwa kuandikwaandikwa? Nililiogopa hilo, nikakaa na kalamu. Chukua mfano wa Kingston A400 ya GB 240, ambayo ipo madukani mengi: mtengenezaji ameikadiria kuandikwa TB 80. Tuseme swapu inaandika GB 5 kila siku, siku zote za mwaka bila Jumapili wala sikukuu. Hiyo ni kama TB 1.8 kwa mwaka, na TB 80 zitaisha baada ya miaka zaidi ya 40. Zidisha matumizi mara tatu, bado unapata miaka 14, na hizi mashine zimeshatimiza zaidi ya kumi tayari. Ukitaka kujua yako imeandikwa kiasi gani, amri ya sudo smartctl -a ikifuatiwa na jina la diski itakuonyesha. Mimi nimeacha kuhofia.

Sasa nije kwenye zram, maana hapa ndipo nilipo na furaha yangu.

Zram ni swapu inayokaa ndani ya RAM yenyewe, lakini vitu vinavyoingia humo vinabanwa kwanza. Niliposoma mara ya kwanza nilikataa: RAM imejaa, halafu unataka kuweka swapu kwenye RAM hiyohiyo? Ila hesabu yake ni nzuri. Vitu vingi vya brauza na vya hati ni maandishi na nafasi tupu zinazojirudia, kwa hiyo vinabanika vizuri, mara nyingi vinabaki nusu au theluthi ya ukubwa wake. Na zram haikati RAM mapema. Ukiiambia iwe na GB 2, haichukui kitu mpaka kitu kiingie, na inachukua kile kilichobaki baada ya kubanwa. Prosesa inafanya kazi kidogo ya kubana na kufungua, lakini kazi hiyo hata kwa i5 ya 2012 ni nyepesi kuliko kwenda kwenye diski yoyote ile.

Jambo hili halikuanza jana. Zram imo ndani ya keneli rasmi ya Linux toka toleo la 3.14 la 2014. Simu za Android zinaitumia. Fedora, Linux nyingine, waliifanya kuwa swapu ya kawaida toka toleo la 33 la Oktoba 2020. Apple waliingiza kubana kumbukumbu kwenye OS X Mavericks 2013, na Windows 10 ilikuja nayo 2015. Kwa hiyo tunapokaa kubishana kama swapu inafaa au haifai, simu iliyo mfukoni mwa anayebisha inaifanya kazi hiyo wakati huohuo. (Zile simu zinazouzwa zikiwa zimeandikwa kwenye boksi RAM GB 4+4 ni habari nyingine kidogo: hizo nne za pili zimekatwa kwenye hifadhi ya simu, ni swapu iliyopewa jina la RAM. Muuzaji akikwambia ni RAM GB 8, muulize nne za pili ziko wapi.)

Kuiweka kwenye Mint hakukunipa shida. Ni pakiti ya zram-tools, kisha faili la /etc/default/zramswap, ambapo niliandika ALGO=zstd (njia ya kubana) na PERCENT=60 (ukubwa wake kwa asilimia ya RAM), nikawasha upya huduma yake. Kwa mashine ya GB 4, asilimia 60 ni kama GB 2.4 za vitu kabla ya kubanwa. Siku ya kawaida yenye watu wengi, amri ya zramctl inanionyesha GB 1.4 zimeingia na zinakalia kama MB 430 za RAM. Maana yake karibu GB nzima imepatikana bila kununua kitu. Pamoja na zram nimeacha faili la swapu la GB 4 kwenye SSD, likiwa na kipaumbele cha chini, ili zram ikijaa kuwe na pa kukimbilia. Tunakwenda kwenye faili hilo mara chache, msimu wa maombi na mwisho wa muhula tasnifu zinapoingia kwa pamoja. Ipo pia njia ya zswap, ambayo inabana kwanza kisha inapeleka kwenye diski vile vya zamani zaidi. Ni nzuri kwa mwenye SSD, ila usiiwashe pamoja na zram, chagua moja.

Mashine moja ilibaki na hadi diski kwa muda nikiwa nasubiri fedha, na hapo zram ilifanya kazi ambayo sikuitegemea. Kwa kuwa vitu vingi havikufika kwenye diski kabisa, ile taa ilipumzika. Kwa hiyo mwenye hadi diski na asiye na elfu sitini, anzia kwenye zram. Ni bure.

Sasa habari ya swappiness, namba ya mpangilio wa swapu kwenye Linux, kwa sababu kila ushauri unaouona unasema iweke 10. Thamani ya kawaida ni 60. Wengi wanadhani maana yake ni kwamba swapu itaanza RAM ikifika asilimia fulani. Siyo hivyo. Namba hii inaiambia keneli gharama ya kupeleka kitu swapu ikilinganishwa na gharama ya kutupa kile chenye asili kwenye faili na kukisoma tena. Kwa hadi diski kushusha namba kunaweza kusaidia kidogo. Kwa zram inatakiwa kinyume chake, kwa sababu kubana ndani ya RAM ni rahisi kuliko kusoma faili kwenye diski. Toka keneli 5.8 ya 2020 namba hiyo inaruhusiwa kufika hadi 200, na Pop!_OS, nayo ni Linux, wanatumia 180 kwa zram. Mimi nimeweka 150, pamoja na vm.page-cluster=0, kwa kuwa kule kuchota vipande vinane kwa pamoja kulitengenezwa kwa ajili ya diski na kwenye zram hakuna faida. Mtu aliyeweka 10 na zram kwa pamoja amejifunga mkono mmoja.

Kingine kinachowatisha watu ni kuona swapu imetumika. Mtu anaendesha free -h, anaona MB 500 kwenye mstari wa swapu wakati RAM bado ina nafasi, anakimbilia kuzima. Zile MB 500 huenda ni programu ya kusasisha mfumo iliyoamka asubuhi mara moja ikalala, na huduma ya Bluetooth wakati hakuna kifaa cha Bluetooth dukani. Kuziondoa kwenye RAM ni jambo jema, nafasi yao inatumika kuhifadhi mafaili unayoyasoma mara kwa mara. Usiangalie kiasi kilichokaa kwenye swapu, angalia mwendo. Endesha vmstat 1 na tazama safu za si na so: ya kwanza ni vinavyotoka swapu kurudi RAM, ya pili ni vinavyokwenda. Zikiwa sifuri muda mwingi, mashine yako haina tatizo lolote la swapu hata kama imejaa nusu. Zikiwa zinaruka mamia na maelfu kila sekunde bila kupumzika na swapu iko kwenye diski, hapo kweli RAM haitoshi, na hakuna mpangilio utakaoficha ukweli huo. Kwenye free -h safu ya kuamini ni "available". Ile ya "free" inaogopesha watu bure.

Dawa ya RAM isiyotosha ni RAM. Baada ya msimu nilinunua vipande vya DDR3 vya mtumba vya GB 4, elfu ishirini kila kimoja, nikaongeza kimoja kwenye kila mashine. Muulize muuzaji avichomeke mbele yako na uangalie vinasomeka. Kwa GB 8 kazi zetu za kawaida zinaenea bila kusukumana. Na bado sikuzima swapu. Inatumika kidogo, kwa vile vilivyolala, na siku mfanyakazi wangu akifungua mafaili ya wateja kumi kwa pamoja ipo tayari. Mwenye GB 16 kwa kazi kama zetu anaweza kuweka faili la GB 2 na kulisahau. Ile kanuni ya zamani ya swapu mara mbili ya RAM ilikuwa na maana zama za RAM za MB, leo haina ulazima, isipokuwa unataka kulaza kompyuta kabisa, ile inayoitwa haibanesheni, ambapo kila kilicho kwenye RAM kinaandikwa kwenye diski na umeme unazimwa. Hiyo inahitaji swapu ya diski inayotosha RAM yako, na zram haifai hata kidogo, kwani umeme ukikatika zram inakuwa tupu.

Yapo yasiyonifurahisha. Linux ikiua programu kwa sababu ya RAM, mtumiaji wa kawaida haelezwi kitu kwenye skrini. Sababu imefichwa kwenye kumbukumbu za mfumo, na msichana wa kaunta anabaki anadhani amebonyeza vibaya. Ubuntu 22.04, toleo jingine la Linux, ilipotoka Aprili 2022 ikiwa na systemd-oomd, huduma inayowahi kuua programu kabla mashine haijaganda, watumiaji wengi walilalamika brauza zao zinafungwa ghafla. Nia ilikuwa nzuri, lakini mtu anastahili kuambiwa. Ningependa pia visakinishi vyote vipime diski na RAM ya mashine, vikikuta GB 4 viweke zram vyenyewe, maana anayenunua mashine ya GB 4 mara nyingi ndiye asiyejua kufungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri.

Mashine ya Windows nayo niseme kidogo. Huko swapu ni faili la pagefile.sys, na kuna mafundi wanaolifuta ili "kuokoa nafasi". Windows inaahidi programu kumbukumbu kwa kipimo cha RAM ukijumlisha na pagefile, kwa hiyo ukilifuta, programu inaweza kukataliwa kumbukumbu hata kama RAM inaonekana ina nafasi. Kwenye CorelDRAW yenye kadi ya harusi iliyojaa picha, matokeo yake ni programu kufunga kabla hujahifadhi. Acha mfumo ulisimamie wenyewe, na kama una SSD, lilale kwenye SSD.

La mwisho ni kwa wenye maduka kama langu. Swapu ya kwenye diski inaandikwa vitu vilivyokuwa kwenye kumbukumbu, na kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya steshenari kuna nywila za wateja, namba za NIDA, vyeti vya watu. Zram inapotea mashine ikizimwa, lakini faili la diski linabaki na mabaki yake. Faili la swapu liwe na ruhusa ya 600, ili mtumiaji mwingine wa mashine asiweze kulisoma. Zile hadi diski za GB 500 nilizotoa, wanafunzi wameshaniulizia wanunue kwa bei ya chini. Kabla ya kumpa mtu nimezipitisha zote kwenye sudo shred -v -n 1, amri inayofuta diski nzima kwa kuandika juu ya kila kilichomo, baada ya kuangalia jina la diski kwa lsblk kwa makini, kwani amri hiyo haiulizi mara mbili. Inachukua saa kadhaa kwa diski moja, kwa hiyo niliziwasha jioni tukiwa tunafunga.